MZAZI, USIUZE NG'OMBE KUMNUNULIA MWANAO AJIRA



Sifa zote njema ni za Allah, Mwenye kuruzuku. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na maswahaba zake.

Ndugu zangu, wazazi na vijana wa Mogitu, Katesh na Hanang yote, leo nasema jambo ambalo wengi wanalijua na wachache wanalikemea. Kila tangazo kubwa la ajira likitoka, kuna ng'ombe wanaopelekwa mnadani. Ukimuuliza mzee anauza kwa nini wakati mvua ni nzuri na malisho yapo, anakujibu kwa sauti ya chini: "Kuna mtu atamshika mkono kijana."

Huyo mshika mkono ni dalali wa rushwa. Tumeipa pesa hiyo kila jina isipokuwa lake: chai, nauli, asante, ya kufungua njia. Jina lake ni RUSHWA. Mtume (s.a.w.) amemlaani anayeitoa na anayeipokea. Hakumtenga mtoaji kwa udhuru kwamba mwanawe ana shahada na amekaa nyumbani miaka mitatu.

Najua mna majibu. Nayasikia barazani kila siku. Tuyachukue moja moja.

JIBU LA KWANZA: "Shekhe, bila kujuana hupati."

Upendeleo upo, sikatai. Lakini angalia hesabu kwanza. Juni 2014 Idara ya Uhamiaji iliita watu kwenye usaili wa nafasi 70. Wakafika zaidi ya 10,000, ikabidi wakae Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam. Mwaka 2025 TRA ilitangaza nafasi 1,596, wakaomba zaidi ya 130,000. Kila kiti kimoja kilitakiwa na watu zaidi ya 80. Hata wasaili wote wangekuwa wacha Mungu wasiogusa senti ya mtu, bado karibu wote wangerudi nyumbani mikono mitupu. Basi kukosa kwako si ushahidi kwamba aliyepata amehonga.

Na dalali anaishi kwa hesabu hiyo hiyo. Anapokea pesa kwa vijana kumi. Hampigii mtu yeyote simu. Anakaa anasubiri matokeo. Wawili wakifaulu kwa akili zao, anawaambia watu, "Mmeona kazi yangu?" Wanane waliokosa anawaambia mkubwa amehamishwa, wasubiri awamu ijayo, kisha anazima simu. Wale wawili ndio tangazo lake la mwaka unaofuata. Na wanane hawaendi polisi, kwa sababu wataanzaje kueleza pesa ilikuwa ya nini?

Mzee mmoja alinijia baada ya Alasiri akitaka dua ili dalali arudishe pesa ya ng'ombe wake wawili. Nikamwambia: mzee wangu, dua nitaomba, lakini nitamwomba Allah akusamehe kwanza. Ng'ombe ni jambo la pili. Alinuna. Bado ananuna. Lakini sisi hapa tuliona Desemba 2023, tope la mlima lilivyoshuka Katesh likaondoka na watu na mali. Tunajua akiba ya nyumba ni kitu gani. Ng'ombe wa akiba si wa kumpa mtu usiyejua hata anakaa wapi.

JIBU LA PILI: "Wanazuoni wameruhusu kutoa ili upate haki yako."

Hili nalisikia kwa waliosoma kidogo, nao ndio hatari zaidi. Wanazuoni walizungumzia mtu ambaye haki yake imekwisha kuthibiti, dhalimu akaishika, na hakuna njia nyingine ya kuipata. Je, ajira ambayo haujasailiwa ni haki yako? Wewe ni mmoja kati ya watu 80 wanaotaka kiti kimoja. Haki yako ni kupimwa kwa uadilifu, basi. Ukinunua kiti, umenunua cha mwenzako aliyefaulu. Yule binti wa mjane kule Basotu aliyesoma kwa mwanga wa kibatari, ndiye umemla. Usiivike dhulma kilemba.

JIBU LA TATU: "Akishaingia kazini atatubia."

Toba inayopangwa kabla ya dhambi ni kumchezea Allah. Kisha jengo lenye msingi wa uongo halina muda maalumu wa kuanguka. Aprili 2017 Serikali ilitangaza watumishi 9,932 waliobainika kuwa na vyeti vya kughushi, wakaondolewa kazini. Miongoni mwao walikuwamo watu wenye familia na mikopo, waliodhani yamekwisha. Na Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inamkamata mtoaji kama inavyomkamata mpokeaji.

Sheria hiyo hiyo, kifungu cha 25, inamtia hatiani mwenye mamlaka anayedai ngono ili atoe kazi. Mabinti zangu, mkiombwa hilo, msinyamaze kwa aibu. Aibu ni yake. Namba ya TAKUKURU ni 113, haina malipo. Na wewe baba, binti yako akirudi bila kazi kwa sababu alikataa uchafu, mpokee kama mtu aliyerudi na ushindi. Usimuulize nauli yake imepotelea wapi.

SASA TUFANYE NINI?

Tazama Qur'ani inavyotufundisha. Nabii Yusuf (a.s.) alipoomba kusimamia hazina ya nchi hakutaja ukoo wake. Alitaja sifa mbili zinazohusu kazi ile: kwamba ni mtunzaji na ni mjuzi. Nabii Musa (a.s.) alifika Madyan akiwa mgeni asiyemjua mtu. Akawanyweshea mifugo mabinti wawili bila kudai ujira, kisha mmoja wao akamshauri baba yake amwajiri kwa kuwa ni mwenye nguvu na mwaminifu. Yusuf alijieleza. Musa alionekana akifanya. Kijana, hizo ndizo njia mbili, nazo zinataka maandalizi.

1. Akaunti ya Ajira Portal iwe yako. Wengi mnamwachia mwenye steshenari afungue kwa barua pepe yake na namba yake ya simu. Unaitwa kwenye usaili, taarifa inaingia kwake, wewe uko shambani. Fungua kwa barua pepe yako, na nywila uikumbuke mwenyewe. Kuomba ni bure. Atakayekwambia lipia fomu ni mwizi.

2. Majina yako yafanane kwenye kitambulisho cha NIDA, cheti cha kuzaliwa na vyeti vya shule. Kama hapa ni Hamisi na pale ni Khamis, nenda kwa mwanasheria sasa. Usingoje tangazo litoke ndipo uanze kukimbia.

3. Soma tangazo lote, hadi mstari wa mwisho. Wakitaka cheti, hati ya matokeo si cheti. Wakitaka barua iliyosainiwa, isaini. Kuna watu wanaondolewa kabla hata ya mchujo, kisha wanakuja kuniambia wamerogwa.

4. Jiandae kwa usaili wa mchujo kama mtihani, kwa sababu ni mtihani. Kaeni watano watano, mrudie mlichosoma chuoni, muulizane. Zoeeni kompyuta, maana mitihani mingine sasa hufanyika humo. Na ukifaulu nafasi zikawa zimejaa, usikate tamaa: Sekretarieti ya Ajira huwaweka waliofaulu kwenye kanzidata kwa muda, na wapo waliopangiwa kazi kutoka humo.

5. Usikae bure ukisubiri. Jitolee, fanya kibarua chenye heshima, fundisha watoto wa jirani. Mwajiri akiuliza umefanya nini tangu umalize chuo, uwe na la kusema.

Na kujuana kwa halali kupo. Aliye kazini akikuletea tangazo, akakusahihishia barua, au akiulizwa akatoa ushahidi wa kweli juu yako, hiyo ni shafaa njema na ana ujira kwa Allah. Haramu ni kumwondoa mwenye sifa ili akae wako.

La mwisho, na hili nawaambia wazazi. Alikuja mtu kwa Mtume (s.a.w.) akiomba. Mtume akamuuliza nyumbani ana nini. Alikuwa na nguo ya kujifunika na chombo cha kunywea. Mtume akavinadi kwa dirhamu mbili: moja ya chakula cha nyumbani, na moja ikanunua shoka. Akamwambia akakate kuni auze, asimwone siku kumi na tano. Mtu yule akarudi na dirhamu kumi.

Mzee, wale ng'ombe wako wawili ni shoka. Wanaweza kuwa ada ya VETA na vifaa vya kuchomelea, au cherehani, au mtaji wa kununua alizeti wakati wa mavuno. Tena halmashauri ina mikopo ya asilimia 10 ya mapato yake ya ndani: 4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu. Haina riba, sisi Waislamu tunakimbilia wapi tena? Muulizeni afisa maendeleo ya jamii wa kata, mjipange kwenye kikundi mnachoaminiana. Ajira ya ofisini ikija, alhamdulillah. Isipokuja, kijana ana shoka mkononi na baba hana laana shingoni.

Mwenye mwana anayengoja ajira msomee haya kabla dalali hajapiga hodi. Awe Mwislamu au asiwe, ng'ombe wake ni ng'ombe.

Allah awafungulie vijana wetu milango ya halali, na awatosheze kwayo wasiihitaji haramu. Aamin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.