Kuimba silabi si kusoma
Darasa la awali likipaza sauti "ba, be, bi, bo, bu", mzazi aliyesimama dirishani huondoka ameridhika. Asiharakishe. Mwalimu akiigusa "bo" ubaoni bila kufuata mpangilio, wapo watakaokwama: wimbo wameushika, herufi bado.

Kiswahili hakina sababu ya kumchosha mtoto hivyo. Kina irabu 5 tu, na huandikwa kama kinavyotamkwa. Anayezitambua "ba" na "ta" tayari anaweza kusoma "bata", ndege anayemfukuza uani kila siku.

Kadi za silabi zilizokatwa kwenye boksi la sabuni, na baba wa kukaa nazo mkekani jioni (ndiyo, baba), zinamfaa mtoto wa miaka 4 kuliko kunakili daftari zima. Vidole vyake bado vinahangaika na penseli.