UCHAMBUZI: Dozi moja ya HPV yatosha, ila nani atamtajia mzazi wa Thika na Ruiru?

Kinaya si kigeni katika sekta ya afya humu nchini, lakini kinaya cha Thika kina uzito wake. Mji huu ni mmoja wa vituo vitatu, pamoja na Nairobi na Kisumu, ambako watafiti, wakiwemo wa Taasisi ya Utafiti wa Kimatibabu (KEMRI), walibaini kwamba dozi moja tu ya chanjo ya virusi vya HPV yatosha kumkinga msichana. Hata hivyo, si ajabu kukutana mjini humo na mzazi ambaye hajawahi kuambiwa na daktari wala muuguzi kwamba bintiye wa miaka 10 anastahili chanjo hiyo, tena bila malipo.

Utafiti huo, uliofahamika kama KEN SHE, uliwashirikisha wasichana na wanawake 2,275 wenye umri wa kati ya miaka 15 na 20. Matokeo yaliyochapishwa Aprili 2022 yalionyesha kuwa baada ya miezi 18, dozi moja ilizuia kwa asilimia 97.5 maambukizi ya kudumu ya virusi aina ya 16 na 18. Aina hizo mbili ndizo chanzo cha takriban asilimia 70 ya saratani ya lango la uzazi, maradhi yanayowaua zaidi ya wanawake 3,000 kila mwaka nchini. Desemba 2022, Shirika la Afya Duniani (WHO) liliidhinisha utaratibu wa dozi moja, nayo Wizara ya Afya ikatangaza mwaka 2025 kwamba Kenya ingeufuata. Wasichana wanaoishi na virusi vya ukimwi wangali wanahitaji zaidi ya dozi moja.

Mabadiliko hayo si madogo. Chanjo ilipozinduliwa Mombasa na Rais Uhuru Kenyatta mnamo Oktoba 2019, msichana alihitajika kurudi baada ya miezi sita kwa dozi ya pili. Waliodungwa wiki hiyo ya kwanza walitarajiwa kurejea Aprili 2020. Shule zilifungwa Machi kwa sababu ya corona, na nyingi ya dozi hizo za pili zikapotelea hapo. Hata baada ya masomo kurejea, pengo kati ya waliopata dozi ya kwanza na waliokamilisha halikuzibika.

Sasa safari ya pili imeondolewa. Kilichosalia ni neno la kwanza, na hapo ndipo lawama inapoelekea katika vyumba vya matabibu.

Mama wa Makongeni au Kihunguro hahitaji kushurutishwa kumpeleka mtoto mchanga kliniki. Anakijua kijitabu chake na tarehe zake. Lakini chanjo ya pili ya surua inapotolewa katika miezi 18, mazoea hayo hukatika. Tangu hapo hadi anapovunja ungo, msichana huonekana hospitalini anapougua tu: mafindofindo, kikohozi, maumivu ya tumbo. Tabibu aliye na foleni ndefu mlangoni humpima, humwandikia dawa na kumwita anayefuata. Jokofu la chanjo huenda liko milango michache kutoka hapo, katika kliniki ya mama na mtoto, lakini hakuna aliyemuuliza umri wake kwa nia hiyo.

Ruiru ina ugumu wa ziada. Sensa ya 2019 ilihesabu zaidi ya watu 490,000 mjini humo, karibu mara mbili ya Thika. Wengi wao hudamkia Nairobi kupitia barabara kuu ya Thika na kurejea usiku. Mtoto akiugua mchana hupelekwa na yaya au dada yake, ambaye hana mamlaka ya kukubali adungwe chanjo. Barua ya shule nayo hufika ikiwa imekunjamana ndani ya mkoba, kama itafika. Ndiyo maana siku ambayo mzazi mwenyewe amefika na bintiye mbele ya tabibu ni ya thamani kubwa, na haifai kupita hivi hivi.

Namna ya kusema nayo ina maana. Utafiti uliofanywa katika jimbo la North Carolina, Marekani, na kuchapishwa 2017 ulionyesha kuwa madaktari waliofunzwa kutamka wazi kwamba mtoto amefikisha umri wa chanjo, kisha wakajibu maswali, waliwachanja watoto wengi kuliko wale ambao hawakupewa mafunzo. Mzazi angali na haki ya kukataa. Tofauti ni kwamba anayemtibu mwanawe hajanyamaza.

Maswali yapo na hayafai kubezwa. Mwaka 2014 Maaskofu wa Kanisa Katoliki walipinga kampeni ya chanjo ya pepopunda, na 2019 chama cha madaktari Wakatoliki kikapinga hii ya HPV. Mzazi aliyeyasikia hayo hawezi kutulizwa kwa bango la ukutani. Kusema kweli, hata sisi wa vyumba vya habari tuna sehemu yetu ya lawama: kila tulipoandika kichwa kilichotanguliza zinaa badala ya saratani, tulimwonyesha baba wa msichana wa gredi ya tano kitu cha kuonea haya. Laiti tungemweleza kwamba chanjo hutolewa mapema kwa sababu huzuia maambukizi na wala haiyatibu. Takwimu za Scotland zilizotolewa 2024 hazikupata hata kisa kimoja cha saratani hiyo miongoni mwa wanawake waliokamilisha chanjo wakiwa na miaka 12 au 13.

Mpango wa serikali unawalenga wasichana wa miaka 10 hadi 14. Aliyekuwa na miaka 10 siku ya uzinduzi kule Mombasa ameshapita umri huo. Ikiwa aliingia hospitalini Thika au Ruiru kwa ajili ya mafindofindo kati ya 2019 na 2024 na akatoka na dawa tu, sasa mamake atalazimika kuinunua chanjo hiyo mwenyewe.