Nyantende: barua pepe inafika, lakini mwenyewe haioni. Machujio mawili yasiyosemezana

Huko Nyantende, kilomita chache nje ya mji wa Bukavu, jimbo la Kivu Kusini, barua pepe inaweza kutumwa vizuri, ikafika kwenye kampuni inayotunza sanduku la mpokeaji, na bado mpokeaji asiione hata siku moja. Barua hiyo haikupotea. Imewekwa kando na chujio ambalo mwenyewe hajui kama lipo, huku lile analolijua, la kwenye kompyuta yake, likiwa halina habari yoyote.

Tatizo hili limekuwa zito zaidi. Baada ya AFC/M23 kuingia Bukavu mwezi Februari 2025, mabenki ya mji yalifunga milango na ndege za abiria zikaacha kutua Kavumu. Mwezi Julai mwaka huohuo, Marekani ikafunga shirika lake la misaada, USAID, na ONG zilizoishi kwa pesa hiyo zikapunguza wafanyakazi. Nafasi zimebaki chache. Matangazo ya kazi, ya zabuni na ya burse za masomo yanapita kwa barua pepe, na kila moja lina tarehe ya mwisho. Anayelisoma wiki moja baada ya tarehe hiyo ni kama hakulipata.

Lango la parsele na mlango wa nyumba

Wengi wanadhani barua taka, zile zinazoitwa spamu, zinachujwa mahali pamoja. Kwa kweli ni mahali pawili, kama parsele yenye mlinzi langoni na mlinzi mwingine mlangoni mwa nyumba.

Mlinzi wa langoni ni kampuni yenye kutoa sanduku: Gmail, Yahoo, Outlook au nyingine. Anafanya kazi kwenye seva, mbali na Kivu, kabla barua haijaonekana kwenye kompyuta ya mtu. Anatazama barua imetoka kwenye mashine gani, kama mashine hiyo ina sifa mbaya, na kama jina la mtumaji lina uthibitisho. Kisha anachagua moja kati ya mambo matatu: kuikataa palepale, kuitupa katika folda ya Spam, au kuiruhusu kuingia. Google inasema Gmail inazuia karibu barua bilioni 15 zisizotakiwa kila siku.

Ukali huo una sababu. Kanuni ya kupeleka barua pepe kati ya mashine na mashine, iitwayo SMTP, iliandikwa mwaka 1982, wakati mtandao ulikuwa wa watu wachache wenye kujuana. Haikuomba mtumaji athibitishe jina lake. Hadi leo mtu anaweza kuandika jina la mwingine juu ya bahasha, na barua ikaondoka.

Mlinzi wa mlangoni ni programu ya kusomea barua, kama Thunderbird, inayowekwa kwenye kompyuta ya ofisi. Chujio lake linajifunza kwa kuhesabu maneno: mwenyewe akiweka alama kwamba barua fulani ni taka, programu inakumbuka maneno yake na kuyalinganisha na barua zitakazokuja. Njia hiyo ilipata nguvu baada ya Paul Graham kuieleza mwaka 2002. Uzuri wake ni kwamba haichagui lugha. Ikifundishwa kwa barua za Kifaransa, Kiswahili au Mashi, itajua maneno ya lugha hizo. Udhaifu wake ni kwamba mafunzo hayo yanakaa ndani ya kompyuta ileile. Mashine ikiibiwa au ikibadilishwa bila kuhamisha data zake, chujio linaanza tena kutoka sufuri.

Hivyo mlinzi wa langoni anajua mambo ya dunia nzima, lakini hamjui vema mwenye nyumba. Wa mlangoni anamjua mwenye nyumba, lakini anaona tu wale ambao mwenzake amewaruhusu kupita.

Barua zinapokwama

Tuchukue mfano wa ofisi ndogo ya shirika la wakulima. Umeme unakuja na kuondoka, na mega zinanunuliwa kwa kipimo. Kwa sababu hiyo fundi ameweka programu ya barua kwa njia ya POP, inayoshusha barua zote kwenye mashine ili zisomwe hata bila mtandao. Ni hesabu nzuri ya pesa, lakini POP inashusha tu barua zilizo katika sanduku kuu. Folda ya Spam inabaki kwenye seva.

Katibu wa ofisi hiyo anafungua kila asubuhi folda ya "Indésirables" katika Thunderbird, anaikuta tupu au yenye matangazo machache, anafunga akiwa na amani. Hajui kwamba kuna folda ya pili upande wa kampuni. Katika Gmail, barua iliyotupwa huko inafutwa yenyewe baada ya siku 30. Akiongeza anwani ya mfadhili katika daftari la anwani la Thunderbird, chujio la kompyuta litamwamini mfadhili huyo, lakini mlinzi wa langoni hakuambiwa kitu.

Upande wa pili ni vilevile. Akibonyeza alama ya taka juu ya barua ya matapeli, programu yake inajifunza, lakini barua ikibaki kwenye mashine tu, kampuni haipati habari. Kesho matapeli haohao watapita langoni tena.

Njia nyingine, IMAP, inapunguza pengo hilo, kwa sababu programu inaonyesha folda zilezile zilizo kwenye seva. Mtu akihamisha barua kuingia au kutoka katika folda ya Spam ya Gmail, Google inaelewa. Gharama yake ni kwamba inapendelea mtandao usiokatika mara kwa mara, kitu ambacho si cha kila siku katika vijiji vinavyozunguka Bukavu.

Kosa linaweza kutoka kwa mtumaji

Tangu Februari 2024, Google na Yahoo zimekaza masharti kwa watumaji wote. Anayetuma barua zaidi ya 5,000 kwa siku kwenda Gmail lazima awe na uthibitisho wa aina tatu: SPF, DKIM na DMARC. Hata mtumaji mdogo anatakiwa kuwa na angalau SPF au DKIM. Microsoft ilifuata mwezi Mei 2025 kwa watumaji wakubwa.

Kwa ONG ya hapa yenye anwani inayobeba jina lake, maana yake ni wazi. Kama fundi aliyefungua anwani hizo hakuandika uthibitisho huo, ripoti na maombi ya msaada vinaweza kuishia katika Spam ya mfadhili, au kukataliwa langoni. Hakuna alama ambayo mpokeaji ataweka katika kompyuta yake itakayofufua barua iliyokataliwa. Dawa iko kwa mtumaji.

Kuingia si ushahidi

Uthibitisho huo nao una mpaka. Unaonyesha barua imetoka kweli kwenye anwani inayoitaja, lakini hausemi kama mwenye anwani ni mwaminifu. Tapeli anaweza kununua jina linalofanana na la shirika kubwa, akalithibitisha vizuri, na kuandikia vijana kwamba wamepata kazi ila watume kwanza pesa ya faili. Umoja wa Mataifa unasema hauombi malipo katika hatua yoyote ya kuajiri. Barua yenye kuomba pesa hiyo ni ya uongo hata kama machujio yote mawili yameipitisha.

Kwa wakaaji wa Nyantende, kinga ya kwanza haihitaji mashine mpya. Mara moja kwa wiki, mtu afungue sanduku lake moja kwa moja kwenye tovuti ya kampuni au katika programu ya simu, aingie katika Spam, na kuondoa humo barua halali kwa kuonyesha kwamba si taka. Kwa mfadhili au chuo anachokingojea, Gmail inaruhusu kuweka amri kwamba barua za anwani hiyo zisipelekwe kamwe katika Spam. Amri hiyo iwekwe huko, kwenye seva, si katika Thunderbird peke yake.

Kazi hiyo inachukua dakika tano na mega chache. Lakini lazima ifanyike kabla ya siku 30 kwisha, na kwa mwenye kungojea zabuni au burse, mara nyingi mapema kuliko hapo.