Miradi ya elimu ikiondoka Simiyu, nani hubaki na daftari la ukaguzi?

Na Mwandishi Wetu

KATA ya Mkula ipo Wilaya ya Busega, mkoani Simiyu, katika ukanda wa Ziwa Victoria unaopitiwa na barabara kuu ya Mwanza kwenda Musoma. Ni eneo la wakulima wa pamba na mpunga, wafugaji na wavuvi. Hadi mwanzoni mwa 2012 wakazi wake walihesabiwa katika Wilaya ya Magu, Mkoa wa Mwanza. Mwaka huo Mkoa wa Simiyu ulianzishwa rasmi, na tangu hapo makao makuu ya mkoa wao ni Bariadi.

Mzazi wa Mkula anayempeleka mtoto darasa la kwanza hana sababu ya kuhangaika na mipaka ya mikoa. Anachotaka kujua ni kimoja: je, mtoto huyo akifika darasa la tatu atakuwa anasoma au hasomi? Na kama hasomi, ni nani atakayeliona hilo mapema, ataliandika wapi, na nani atalazimika kulifanyia kazi?

Maswali hayo matatu ndiyo hasa maana ya kile ambacho wataalamu hukiita mfumo wa usimamizi wa ubora. Kwa zaidi ya miaka 20 Tanzania imeanzisha mifumo mingi ya aina hiyo katika uendeshaji wa elimu ya umma. Tatizo halijawa uhaba wa mifumo, bali ni kuidumisha.

Mradi mmoja baada ya mwingine

Tuanze na historia ya karibuni. Mwaka 2002 ulianza Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, maarufu kwa jina la MMEM, ambao ulifuta ada, ukajenga madarasa na kuleta ruzuku ya uendeshaji kwa kila mwanafunzi. Muongo mmoja baadaye, matokeo ya awali ya mtihani wa kidato cha nne wa 2012 yalilishtua taifa pale takriban asilimia 60 ya watahiniwa walipopata daraja sifuri. Serikali iliunda tume, na mwaka 2013 elimu ikaingizwa katika mpango wa Matokeo Makubwa Sasa. Shule zilipangwa kwa rangi na nafasi, walimu wakuu wakapewa miongozo mipya, na viongozi wakawa wanaulizwa kuhusu takwimu kila wakati. Utawala ulipobadilika mwishoni mwa 2015, kishindo cha mpango huo kilipungua hadi jina lake likatoweka midomoni mwa watu.

Simiyu ilipata pia mradi wa EQUIP-Tanzania, uliofadhiliwa na Uingereza kuanzia 2014 hadi mwanzoni mwa 2020. Mradi huo uliwafundisha walimu wa madarasa ya awali kufundisha kusoma na kuandika, ukawapa maafisa elimu kata pikipiki, ukawapa walimu wakuu vishikwambi vya kuingiza taarifa za mahudhurio na maendeleo ya shule, na ukahimiza ushirikiano wa wazazi na walimu. Mwaka 2018 serikali nayo, kupitia programu ya kuimarisha kusoma, kuandika na kuhesabu, iligawa pikipiki zaidi ya 2,800 kwa maafisa elimu kata nchini kote.

Baada ya hapo ukaja Shule Bora, uliozinduliwa 2022, nao kwa fedha za Uingereza, katika mikoa tisa ya Tanzania Bara ikiwamo Simiyu. Huo ulipangwa kufika 2027.

Hakuna anayeweza kusema miradi hiyo haikusaidia. Hata hivyo, kila mmoja ulikuja na fomu zake, semina zake na vifaa vyake. Mwalimu mkuu aliyedumu kazini tangu 2002 amejifunza kujaza nyaraka za aina nyingi kwa jambo lile lile. Kila mara anapoizoea moja, inakuja nyingine, na ile ya kwanza inabaki kabatini bila mtu wa kuisoma.

Kutoka ukaguzi hadi uthibiti

Chombo kikuu cha serikali katika kazi hii ni uthibiti ubora wa shule. Zamani kiliitwa ukaguzi, na walimu wengi wanakumbuka jinsi siku ya mkaguzi ilivyokuwa ya hofu: maandalio ya masomo yaliandikwa usiku kucha na ubao ukapakwa rangi. Baada ya Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, mtazamo ulibadilika. Kiunzi cha 2017 kiliweka maeneo sita ya kupima: mafanikio ya wanafunzi, ufundishaji, mtaala, uongozi, mazingira ya shule, na ushiriki wa jamii. Mthibiti anatakiwa kuwa mshauri kabla ya kuwa hakimu, na shule yenyewe inatakiwa kujitathmini kila mara bila kungoja mgeni.

Kwenye karatasi, huu ni mfumo mzuri. Unafuata mzunguko ule ule unaotumika viwandani na katika taasisi zenye ithibati ya kimataifa: panga, tenda, pima, rekebisha. Lakini mwenye kiwanda anajua jambo moja ambalo uendeshaji wa elimu yetu umekuwa ukilisahau. Chini ya kiwango cha kimataifa cha ISO 9001, mkaguzi akikuta kasoro, kasoro hiyo hupewa mwenye nayo na hatua ya kuirekebisha. Isiposhughulikiwa, cheti huwa hatarini. Kwa maneno mengine, kuandika kasoro ni nusu ya kazi tu.

Katika shule zetu, nusu ya pili ndiyo inayolegalega. Si jambo jipya. Mwaka 2008 Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi ilifanya ukaguzi wa ufanisi kuhusu mpango wa ukaguzi wa shule za sekondari, na ufuatiliaji wa mapendekezo ya wakaguzi ulikuwa miongoni mwa udhaifu uliotajwa. Tangu wakati huo jina limebadilika na mwongozo umebadilika, lakini swali limebaki: ripoti ikishatolewa, nani analazimika kuijibu?

Mabwana wawili

Jibu linakwamishwa na muundo wenyewe. Mthibiti ubora yuko chini ya Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia. Shule iko chini ya halmashauri, ambayo iko chini ya Tamisemi. Ajira na nidhamu ya walimu zinaihusu pia Tume ya Utumishi wa Walimu, iliyoundwa kwa sheria ya 2015.

Hivyo mthibiti anaweza kuandika kwamba shule fulani ina walimu wawili wanaofundisha madarasa saba, lakini hana mwalimu wa kuongeza. Anaweza kuandika kwamba choo kimejaa, lakini hana fungu la kuchimba kingine. Mwenye fungu ni mkurugenzi wa halmashauri, ambaye bajeti yake ina vipaumbele vilivyopangwa tayari. Baba wawili kwa mtoto mmoja si tatizo iwapo wanakaa meza moja. Wasipokaa, mtoto hulala njaa huku kila mmoja akidhani mwenzake amempa chakula.

Mafuta ya pikipiki

Kati ya wizara, halmashauri na shule yupo mtu mmoja ambaye wasomaji wa mijini hawamfikirii sana: afisa elimu kata. Ndiye anayeweza kufika katika kila shule ya kata bila kungoja ratiba ya wilaya. Katika kata kama Mkula, yeye ndiye anayejua ni darasa gani lina mwalimu mgonjwa na ni kitongoji gani watoto wanakwenda kuchunga ng'ombe siku ya mnada.

Mwaka 2016 serikali ilianza kumlipa posho ya madaraka ya Sh 250,000 kwa mwezi, na walimu wakuu wa shule za msingi Sh 200,000. Ilikuwa hatua muhimu, kwa kuwa fedha hizo zilitoka hazina na hazikuwa za mradi. Lakini pikipiki hunywa mafuta, matairi huisha na kishikwambi hupasuka kioo. Kifaa kilichotolewa na mradi, kisipokuwa na fungu la matengenezo katika bajeti ya halmashauri, kina uhai wa miaka michache tu.

Hali ni hiyo hiyo shuleni. Ruzuku ya mwanafunzi wa shule ya msingi ni Sh 10,000 kwa mwaka, na tangu 2016 Sh 6,000 ndizo zilizopangwa kufika shuleni, nyingine zikibaki serikalini kwa ajili ya vitabu. Shule yenye wanafunzi 1,000 ingepata hivyo Sh milioni 6 kwa mwaka, sawa na Sh 500,000 kwa mwezi, ambazo ni chini ya Sh 17,000 kwa siku kwa chaki, karatasi za mitihani na ukarabati mdogo. Kiwango hicho cha Sh 10,000 kilitokana na MMEM mwaka 2002, wakati kilipokaribia dola 10 za Marekani. Leo hakifiki dola tano. Wakati huo huo, watu wa Simiyu waliongezeka kutoka takriban milioni 1.58 katika Sensa ya 2012 hadi zaidi ya milioni 2.1 mwaka 2022.

Somo la makambi

Wapo wanaoamini kwamba dawa ni kiongozi mwenye msukumo. Simiyu ina mfano wake. Anthony Mtaka, aliyekuwa mkuu wa mkoa kuanzia 2016 hadi 2021, alijulikana nchini kwa kuhimiza makambi ya kitaaluma kwa wanafunzi wa madarasa ya mitihani, akiwashirikisha wazazi na wadau. Msukumo huo uliamsha ari ya mkoa, na ungekuwa uchoyo kuukana.

Lakini kiongozi huhamishwa, na Mtaka alihamishiwa Dodoma. Aidha, kambi humsaidia mwanafunzi aliyekwisha kufika darasa la mtihani. Yule aliyeshindwa kusoma darasa la pili na akaacha shule darasa la tano hakai kambini. Mfumo wa ubora ulitakiwa umwone huyo kwanza.

Kenya inatupa mfano mwingine. Mpango wa Tusome, ulioanza 2015 kwa fedha za Marekani na Uingereza, ulipitisha kazi ya kutembelea madarasa kwa maofisa wa serikali waliokuwapo tayari, wakitumia vishikwambi kurekodi walichokiona. Kwa kuwa watu walikuwa wa serikali, ujuzi haukuondoka na gari la mradi. Hata hivyo, nao walihitaji nauli ya kufika shuleni.

Saa inakwenda

Kwa nini suala hili ni la leo? Kwa sababu mifereji ya fedha za nje inafungwa. Mwaka 2025 Marekani ilivunja shirika lake la misaada, USAID. Februari mwaka huo huo Uingereza, mfadhili wa EQUIP-Tanzania na Shule Bora, ilitangaza kushusha misaada yake kutoka asilimia 0.5 ya pato lake la taifa hadi asilimia 0.3 ifikapo 2027. Ni mwaka ule ule ambao Shule Bora ilipangiwa kukoma.

Halmashauri za Simiyu, Busega ikiwamo, zina nafasi ya kujiandaa. Mambo manne yanawezekana bila kungoja mfadhili. Kwanza, mafuta na matengenezo ya pikipiki za maafisa elimu kata yawe na kifungu chake katika bajeti ya halmashauri. Pili, kila pendekezo la mthibiti ubora liandikiwe jina la mhusika na tarehe ya mwisho, na orodha ya yasiyotekelezwa isomwe mbele ya madiwani kila robo mwaka. Tatu, mwalimu mkuu au afisa anayehama akabidhi kwa maandishi: shule ilikuwa wapi, imefika wapi, nini kimebaki. Nne, muhtasari wa ripoti ya shule usomwe kwa Kiswahili chepesi katika mkutano wa wazazi, maana mzazi anayejua kasoro ndiye mfuatiliaji asiyehitaji posho.

Watakuwapo watakaosema kwamba bila walimu na madarasa ya kutosha, mifumo ni porojo. Wana hoja, kwani daftari halifundishi mtoto kusoma. Lakini bila daftari hilo, walimu wachache waliopo hupelekwa kwenye kelele badala ya kwenye uhitaji, na shule isiyo na mtetezi huendelea kusahaulika.

Mradi wa mwisho ukifunga ofisi zake, wapimaji watarudi kwao na vibandiko vitabanduka kwenye pikipiki. Afisa elimu kata wa Mkula atabaki. Kitakachoamua kama mtoto wa darasa la pili atasoma ni iwapo afisa huyo ana mafuta ya kufika shuleni, daftari la kuandika alichokiona, na mtu Nyashimo, makao makuu ya wilaya, anayewajibika kulijibu.