Njia ya Pili

Mama wa Mombasa anapozungumza kwa intaneti na bintiye aliyeolewa Likuyani, Kakamega, maneno yao hupitia minara na nyuzi za kioo zilizofukiwa ardhini. Nyingine zimelazwa baharini. Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipokatika, intaneti ilizorota Afrika Mashariki, lakini haikuzimika kabisa, kwa kuwa njia nyingine zilikuwapo. Ndiyo kanuni ya wasanifu wa mitandao mikubwa: mji usitegemee njia moja, wala njia mbili zisifukiwe handaki moja. Nasi tusiutegemeze udugu wetu kwa simu pekee. Nauli ya Likuyani na iwekwe akiba. Binti naye anangoja kuuona uso wa mamaye.