Karatasi nyeusi kwenye vioo vya gari si dawa ya joto

Naomba nafasi katika ukurasa huu wa barua ili nami nitoe dukuduku langu kuhusu mtindo ulioenea hapa Dar es Salaam, wa wenye magari madogo kununua karatasi nyeusi madukani, ambazo wengi wanaziita tinti, na kuzibandika wenyewe kwenye vioo vyote vya gari, eti kukimbia jua. Sina ugomvi na mtu kukimbia jua. Ugomvi wangu ni na njia anayokimbilia, maana mimi mwenyewe nimeipita nikajuta.

Kwanza nikiri kwamba taabu yenyewe ni ya kweli. Ninakaa Mbagala na kazi yangu iko mjini. Asubuhi naelekea kaskazini kwa Barabara ya Kilwa, na jua la mashariki linanipiga mkono wa kulia, upande ule ule wa kioo cha dereva. Jioni narudi kusini, jua limekwisha hamia magharibi, nalo linanipiga mkono huo huo wa kulia. Kwa hiyo mkono mmoja unalipa ushuru mara mbili kwa siku na wa kushoto hauna habari. Tena gari likishinda limeanikwa juani mpaka saa kumi, ukishika usukani unautema kama umeshika sufuria. Asemaye kwamba wenye tinti wote wanataka kujionyesha tu hasemi haki.

Basi Jumapili moja nikanunua mkunjo wa karatasi, nikamwita jirani, tukachukua maji ya sabuni, wembe na kipande cha mpira wa kukamulia maji, tukaanza kazi. Anayedhani ni kazi rahisi na ajaribu. Kioo cha gari kimepinda, karatasi haijapinda. Vumbi la Mbagala halina likizo. Na mapovu ya hewa ukiyasukuma hapa yanatokea kule. Inatakiwa pia uache kushusha vioo siku kadhaa mpaka gundi ikauke, jambo gumu kwa mtu ambaye kipoza hewa cha gari lake kilikufa zamani. Hata hivyo tulimaliza, na kwa mbali gari lilipendeza.

Wiki ya tatu, yapata saa kumi na mbili na nusu jioni, nilikuwa nakunja kulia kuingia mtaani kwetu ambako hakuna taa. Wote tunajua kwamba huku kwetu magharibi haikawii. Jua likizama, giza limeingia. Nilitazama kulia, sikuona mtu, nikaondoa gari. Nikasikia kofi kubwa kwenye mlango. Alikuwa mama mwenye mtoto mgongoni na ndoo mkononi, amesimama karibu na gari kiasi kwamba ningeshusha kioo ningemgusa. Akaniuliza, "Baba, huoni?" Nilishusha kioo nikamwomba radhi. Jibu lake ndilo lililonifanya niandike barua hii: alisema alisimama akatazama kwenye kioo apate kujua kama nimemwona, akaona uso wake mwenyewe.

Ndugu Mhariri, jambo hili halizungumzwi. Tunasema sana juu ya dereva kuona nje, lakini mwenda kwa miguu naye anahitaji kumwona dereva. Kwenye kivuko kisicho na taa, mtoto wa shule hawezi kujua kama gari litasimama mpaka auone uso wa dereva au mkono unaompungia apite. Hali kadhalika mwenye bodaboda na mwenye baiskeli. Ukiziba kioo chako umewanyang'anya watu wote hao lugha pekee ya barabarani wanayoielewa.

Sasa tuangalie hesabu. Mwuzaji hukwambia karatasi hii inapitisha mwanga asilimia 50, nyingine asilimia 20. Hakwambii kwamba kioo chenyewe kabla ya kubandikwa kitu kimekwisha kula sehemu ya mwanga. Tuseme kioo kinapitisha asilimia 80. Ukiweka karatasi ya 50 unabaki na 40. Ukiweka ya 20 unabaki na 16, na hapo ni mchana. Usiku hesabu hiyo unaipiga juu ya mwanga ambao haupo. Magari mengi tunayoendesha hapa nchini yametoka Japani yakiwa yametumika. Nani hajaona kwamba mengi huja na vioo vya nyuma vya giza, lakini vya mbele ni vyeupe? Si kwamba Wajapani walisahau. Sheria yao inataka kioo cha mbele na vya pembeni mwa dereva vipitishe mwanga usiopungua asilimia 70. Uingereza nako vioo vya pembeni vya mbele vina kiwango hicho hicho cha 70. Sisi tunalipokea gari limepimwa vizuri, halafu Jumapili tunaliharibu kwa wembe na sabuni.

Ingekuwa afadhali kama joto lingepungua kwa kiasi tunachodhani. Weusi wa karatasi si kipimo cha kuzuia joto. Zaidi ya nusu ya nguvu ya jua haionekani kwa macho, na karatasi ya bei nafuu iliyotiwa rangi tu huzuia zaidi kile kinachoonekana. Halafu joto inalozuia inalinywa yenyewe. Kioo kinachemka, na sehemu ya joto hilo inaishia ndani ya gari. Zipo karatasi bora zinazozuia joto bila kuwa nyeusi sana, lakini hizo ni ghali na zinataka fundi, si mimi na jirani yangu. Zile za bei yetu, baada ya muda zinageuka rangi ya zambarau na kuvimba mapovu.

Kwa gari lililoegeshwa, kinga ya kukunjua inayowekwa nyuma ya kioo cha mbele, ile inayong'aa ambayo vijana wanatuuzia kwenye foleni, ni mali kuliko karatasi nyeusi. Upande unaong'aa ukitazama nje, mwanga unarudishwa ulikotoka kabla haujageuka joto juu ya dashibodi. Tena sisi tuko karibu na ikweta. Saa sita mchana jua liko utosini, haliingii sana kwa vioo vya pembeni. Linaingia kwa kile cha mbele kilicholala. Watafiti wa chuo kikuu cha Jimbo la Arizona, Marekani, walipima mwaka 2018 wakakuta kwamba gari likikaa juani saa moja wakati wa kiangazi, dashibodi hufika wastani wa nyuzi 69 za sentigredi na usukani 53. Hivyo ndivyo vitu viwili ambavyo kinga inavifunika. Asiye na fedha akate boksi, au atandike kanga juu ya usukani. Haitapendeza, lakini mikono haitaungua.

Kinga hiyo ina udhaifu wake, sifichi. Haifai gari likitembea. Inasumbua kuikunja, na mke wangu anailalamikia kila inapomfungukia usoni. Zile za wavu zenye vikombe vya mpira vya kunata zinafaa vioo vya nyuma kwa ajili ya watoto, lakini nawaona madereva wanaozibandika kwenye vioo vya mbele pembeni huku wanaendesha. Huo ni upofu ule ule, tofauti ni kwamba huu unabanduka.

Na kuhusu watoto, pasiwe na mzazi atakayesoma barua hii akafikiri kwamba akiweka kinga anaweza kumwacha mtoto ndani ya gari aende dukani mara moja. Uchunguzi mwingine wa Marekani, uliochapishwa mwaka 2005, ulionyesha kwamba joto ndani ya gari lililofungwa hupanda kiasi cha nyuzi 22 kwa saa moja, na sehemu kubwa ya ongezeko hilo hutokea katika nusu saa ya kwanza. Kufungua kioo kidogo hakukusaidia kitu cha maana. Hata gari lililo kivulini, wale wa Arizona walikuta ndani yake nyuzi 38 baada ya saa moja.

Wako watakaoniuliza juu ya ndugu zetu wenye ualbino, ambao jua kwao si suala la raha bali la uhai. Swali hilo ni la haki. Mwaka 2016 zilichapishwa habari za kupimwa kwa magari 29, ikaonekana kioo cha mbele huzuia wastani wa asilimia 96 ya miale mirefu ya urujuanimno, lakini vya pembeni wastani wa 71 tu, na vingine 44. Kwa hiyo hatari ipo kweli pembeni. Lakini miale hiyo haizuiwi na weusi. Zipo karatasi angavu, nyeupe kama kioo chenyewe, zinazoizuia karibu yote. Hizo ndizo zingestahili kuletwa kwa wingi na kuuzwa kwa bei ya watu. Mimi kwa mkono wangu wa kulia nimerudia shati la mikono mirefu.

Nawaomba wahusika wawatake wauzaji waandike juu ya kila mkunjo mwanga unaopita na joto linalozuiwa, mambo mawili mbalimbali. Na askari wa usalama barabarani wapewe vipimo vya mwanga wa vioo, kwani vipo, ili dereva asibishane na jicho la askari, wala askari asibishane na cheo cha mwenye gari.

Karatasi za vioo vya pembeni nilizibandua kwa maji ya moto, kazi ya siku mbili. Ya kioo cha nyuma ingalipo mpaka leo, kwa sababu fundi alinionya kwamba nikiivuta itaondoka na zile nyaya nyembamba za kuyeyushia ukungu. Nikirudi nyuma usiku, humteremsha mwanangu asimame aniangalizie.

Dereva wa Mbagala,
Dar es Salaam.