Mtoto Asiyeitika Si Lazima Awe Mkaidi



Sisi walimu hukutana na mtoto ambaye ukimwita haitiki, ukimwuliza hurudia swali lako lile lile, na akibadilishiwa mahali pa kukaa hulia mpaka somo linasimama. Wenziwe humcheka. Nasi, tukiri, tumewahi kumwita mkaidi na kumchapa. Ndiyo maana tumeona tuwasimulie habari za Dakta Leo Kanner.

Kanner alizaliwa mwaka 1894 katika sehemu ambayo leo ni Ukraine. Alisomea udaktari Berlin, na mwaka 1924 akahamia Marekani. Mwaka 1930 alianzisha kliniki ya maradhi ya akili ya watoto katika Hospitali ya Johns Hopkins mjini Baltimore. Mwaka 1935 akatoa kitabu cha kufundishia fani hiyo.

Mwaka 1938 aliletewa Donald, mvulana wa miaka mitano kutoka Mississippi. Donald hakujali nani kaingia wala nani katoka, lakini alikuwa na hifdhi ya ajabu tangu udogo wake. Kanner hakukimbilia kumhukumu. Aliisoma barua ndefu ya baba yake, akamtazama mtoto, akaandika alichokiona. Mwaka 1943 alichapisha makala juu ya watoto 11 wa namna hiyo. Hali yao ndiyo tunayoiita usonji.

Hata hivyo, Kanner naye aliteleza. Aliandika kwamba wazazi wengi wa watoto hao walikuwa baridi kwa watoto wao, na kina mama wakabebeshwa lawama kwa miaka mingi. Mwaka 1969 alisimama mbele ya wazazi akawaambia hawana hatia. Leo inajulikana kuwa usonji unatokana na jinsi ubongo unavyokua, na urithi una sehemu kubwa. Hausababishwi na malezi mabaya, wala bakora hauiondoi.

Na Donald? Alisoma hadi chuo kikuu, akafanya kazi benki, akafariki mwaka 2023 akiwa na miaka 89.

Rai yetu ni hii: walimu tumtazame mtoto kabla ya kunyanyua mkono, na tuwaulize wazazi wake bila kuwalaumu. Nanyi wanafunzi, mkimwona mwenzenu wa namna hiyo msimcheke. Mwacheni akae mahali alipopazoea, na mmoja wenu akae karibu naye. Huenda sura mnayohangaika nayo, yeye keshaihifadhi.